Kabla hujajaza Sayansi ya Mazingira kwenye fomu ya chuo

Kupenda misitu na wanyama hakutoshi. Wengi tuliingia kwenye shahada hii kwa mapenzi hayo, na muhula wa kwanza tu tukakutana na kemia ya maabara, jiolojia na logariti. Kama kemia uliikimbia sekondari, irudie kabla chuo hakijafunguliwa. Kipimo cha pH chenyewe ni logariti: maji ya pH 5 yana tindikali mara 10 ya maji ya pH 6. Asiyelijua hilo ataona mabadiliko makubwa kama jambo dogo.

Usidanganywe na jina la programu. Kuna programu za mazingira zinazoegemea sera na sheria, na kuna zinazoegemea maabara na uwandani. Zote zina faida, ila kazi zake si moja. Fungua orodha ya kozi za mwaka wa pili na wa tatu, usome moja moja.

Ramani za kompyuta anza mapema. Programu ya ramani ya QGIS ni ya bure. Uwandani andika kwa penseli, wino ukilowa unakimbia.

Sasa takwimu, na hapa naomba utulie. Mimi niliiahirisha hadi mwaka wa mwisho, nikiamini ni ya kuchambulia data ukishazipata. Kwa utafiti wangu nilichagua mto mmoja unaopita karibu na kiwanda. Asubuhi moja nikachota chupa 15 juu ya bomba la majitaka na 15 chini yake. Kila nilichofundishwa nilikifanya: nikapima oksijeni iliyoyeyuka palepale mtoni, kwa sababu kipimo hicho hakingoji, nikazihifadhi chupa kwenye sanduku la barafu, zile za BOD, yaani kipimo cha oksijeni inayotumiwa na vijidudu vinavyoozesha uchafu majini, zikakaa gizani siku 5 kwenye nyuzi 20. Majedwali yakatoka safi kabisa.

Msimamizi wangu aliyatazama kimya, kisha akauliza, "Una sampuli ngapi hapa?" Nikamjibu 30. Akachora mstari wa mto kwenye karatasi, akatia nukta moja juu ya bomba na moja chini. "Unazo mbili," akasema.

Ukimpima mgonjwa mmoja joto mara 15 utalijua joto lake barabara, lakini hujui kama nyumba nzima ina homa. Ndivyo zilivyokuwa chupa zangu. Tofauti niliyoiona huenda ilitokana na kiwanda, huenda ilitokana na mto kupunguza kasi pale chini, au na kitu cha asubuhi ile tu. Hakuna hesabu inayoweza kuyatenganisha hayo baada ya chupa kufungwa. Nilihitaji siku nyingi, sehemu kadhaa, na mito mingine isiyo na kiwanda ya kulinganishia. Msimu ulikuwa umeshageuka, nikalazimika kungoja mwaka mzima.

Katika fani hii muda wenyewe ni sehemu ya kipimo. Mwanasayansi Charles David Keeling alianza kupima hewa ukaa kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ikiwa karibu sehemu 315 kwa milioni. Leo imepita 420. Lakini anayepima Mei hadi Septemba pekee ataapa kwamba inapungua, kumbe ni mimea ya kaskazini ya dunia inaivuta wakati wa majani yake. Kwa hiyo soma takwimu mwaka wa kwanza au wa pili, jifunze R, programu ya kompyuta ya takwimu, na mpango wako wa sampuli mpelekee mtu wa takwimu ungali kwenye karatasi. Akikwambia rudi kapange upya, rudi, hata kama inauma.

Mengine ni ya tahadhari. Data ziwe na nakala sehemu mbili, na moja isikae kwenye begi lako. Maabarani asidi humiminwa ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati. Usiingie mtoni peke yako. Maji ya magotini yakiwa na kasi humwangusha mtu mzima. Na kila unapotoka kwenda uwandani, mwachie mtu jina la sehemu unayokwenda na saa utakayorudi.