Kabla hujanunua boti ya kujaza upepo Kigoma, kagua kitambaa chake

Wengi wanaotafuta boti ya kujaza upepo kwa ajili ya Ziwa Tanganyika huanza kuuliza bei na ukubwa wa injini. Anza na kitambaa. Kigoma iko karibu nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na boti inayolala mchangani Kibirizi au Katonga huchomwa na jua mwaka mzima. Jua hilo huiua mapema kuliko mawimbi.

Zile za plastiki tupu, za kuchezea watoto kwenye bwawa la kuogelea, ziache kabisa. Hazina nyuzi ndani, na zikitoboka mpasuko hukimbia. Hili ni ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400. Boti ya kazi huwa na kitambaa cha nyuzi imara kilichopakwa PVC au mpira wa Hypalon.

PVC ni jamii moja na maturubai ya malori. Ni nafuu, na maungio yake huweza kuyeyushwa kwa joto yakashikana bila kutegemea gundi. Lakini jua likiipiga miaka, vilainishi vilivyomo hutoka taratibu. Utaigusa inanata, au utaikunja ipasuke kwenye mkunjo. Hypalon huvumilia zaidi jua na petroli inayomwagika, ila ni ghali, na maungio yake hubandikwa kwa gundi, kwa hiyo kagua kila ukingo kama umeinuka. Kampuni ya DuPont iliacha kuitengeneza mwaka 2010. Mpira wa aina hiyo sasa hutoka kwa wengine na huandikwa CSM.

Kama boti itashinda nje kila siku ikipeleka wageni Gombe, jibane ununue ya CSM. Kama ni ya safari za mara mojamoja na utaihifadhi kivulini, PVC nene inatosha, usitupe hela. Muuzaji asipojua ni ipi, tazama mwenyewe: PVC huteleza na kung'aa, Hypalon imefifia kama mpira.

Jambo linalosahaulika sana ni gundi. Solushen ya fundi baiskeli haiishiki PVC. PVC hutaka gundi ya poliyurethani, Hypalon hutaka ya neoprini, na zilizo imara huja katika vyombo viwili vya kuchanganya. Nunua gundi siku hiyohiyo pamoja na vipande vya kitambaa kilekile, angalia tarehe ya mwisho ya matumizi, na viraka vibandike siku kavu, kwa sababu unyevunyevu wa msimu wa mvua huidhoofisha.

Kisha boti ijazwe mbele yako, ipakwe maji ya sabuni kwenye maungio na vali, na ilale hivyo hadi kesho yake. Ikilegea kidogo alfajiri usiikatae, maana hewa ikipoa hunywea. Ipime tena saa ileile uliyoijaza jana, jua likiwa kali vilevile. Ikiwa bado imelegea, inavuja.