Jinsi ya kufukua historia ya eneo kwa ramani za zamani za topografia, hatua kwa hatua

Wengi wakisikia ramani ya topografia (ile inayoonyesha vilima, mito, njia na majengo) wanawaza wanajeshi au wapanda milima. Mi naitumia kama waraka wa historia, maana mpima ramani hakuwa na muda wa kupiga stori, alipita akaweka nyumba, kisima, njia, makaburi, kinu, akaondoka zake, na hivyo vitu vikabaki kwenye karatasi hata baada ya kufutika ardhini. Ila kuna jambo moja ulishike tangu mwanzo: ramani haikwambii "palikuwa hivi". Inakwambia fulani, mwaka fulani, kwa skeli fulani (uwiano wa ramani na ardhi yenyewe), aliona au aliamua kuchora hivi. Ukilielewa hilo mengine yote ni ufundi, na ufundi wenyewe ndo huu.

Hatua ya 1: Anza na swali, sio na ramani

Kosa ninaloliona sana ni mtu kudaunlodi ramani 40 alafu anakaa anazishangaa. Chukua kaeneo kadogo, kilomita tano kwa tano inatosha kabisa, na swali moja la kipumbavu tu. Kwa nini hii barabara inapinda hapa wakati hamna kilima wala mto? Huu mstari wa miti mikubwa katikati ya mashamba ulipandwa na nani? Swali langu mimi la kwanza lilikuwa kuhusu njia ya miguu inayofika ukingoni mwa mto na kuishia pale pale, hamna daraja, hamna kijiji, hamna kitu. Nitairudia huko mbele.

Hatua ya 2: Tafuta matoleo mawili au zaidi ya sehemu ile ile

Ramani moja ni picha tu, historia inaanza ukiwa na mbili. Kwa Marekani kazi ni rahisi, shirika lao la jiolojia USGS limeweka bure kwenye tovuti yake ya topoView mkusanyiko wa ramani za kuanzia 1884 mpaka 2006, unazumu tu sehemu yako inakupa matoleo yote. Kwa Uingereza ingia Maktaba ya Taifa ya Scotland, wana ramani za Ordnance Survey (taasisi iliyoanza mwaka 1791) na wana kitu kizuri sana, unafungua ramani ya zamani na picha ya satelaiti ya leo ubavu kwa ubavu na mshale unatembea kote kote kwa pamoja. Kwa nchi nyingine jaribu tovuti ya OldMapsOnline, mkusanyiko wa ramani wa David Rumsey, au wa Chuo Kikuu cha Texas. Nchi nyingi zilizokuwa makoloni ya Uingereza, ramani zake za 1:50,000 zilichorwa na ofisi ya upimaji ya London iliyoanzishwa 1946 na kubadilishiwa jina mwaka 1957 kuwa Directorate of Overseas Surveys, kwahiyo ukikuta herufi DOS pembeni ya ramani ujue ni hao. Na usisahau idara ya upimaji ya nchi husika na maktaba za vyuo, vitu vingi bado vipo kwenye droo havijawahi kuona intaneti.

Ukipewa chaguo la faili chukua kubwa kuliko yote, TIFF (aina ya faili la picha lisilopunguza ubora) kama ipo. Kama unayo karatasi tu iskani kwa dpi (nukta kwa kila inchi) 300 au 400. Kupiga na simu ni suluhisho la dharura, lenzi inapinda kingo na utalilia huko hatua ya tano.

Hatua ya 3: Soma pembezoni kabla hujaangalia katikati

Hapa ndo watu wanaruka na hapa ndo pana utamu. Kwenye maandishi madogo ya chini tafuta mambo manne: mwaka, skeli, datamu (msingi wa kipimo ambao namba za mahali kwenye ramani zinahesabiwa kutoka kwake), na umbali kati ya kontua (mistari inayounganisha sehemu za kimo kimoja).

Mwaka hauko mmoja. Kuna mwaka picha za ndege zilipopigwa, kuna mwaka watu walienda kuhakiki kwa miguu, kuna mwaka wa kusahihisha na kuna mwaka wa kuchapa. Ramani imechapwa 1971 lakini picha ni za 1953, sasa ile shule unayoiona ni ya lini? Ya 1953 au kabla, isipokuwa kama iliongezwa kwenye masahihisho. Ramani nyingi za USGS zinakusaidia kwa hili, vitu vilivyoongezwa baadaye kutoka picha za ndege viliwekwa kwa rangi ya zambarau, ukiona zambarau ujue hicho ni kipya na mara nyingi hamna aliyeenda kukihakiki kwa miguu.

Skeli nayo inaamua nini kingeweza kuonekana. Kwenye 1:50,000 sentimita moja ni nusu kilomita, na mstari wa unene wa nusu milimita tayari umekula mita 25 ardhini. Kwahiyo nyumba haijachorwa kwa ukubwa wake, ni kanukta ka kuwakilisha. Kwenye 1:250,000 sentimita moja ni kilomita mbili na nusu, hapo kijiji kizima kinaweza kuachwa kwa kukosa nafasi tu. Kitu kutokuwepo kwenye ramani sio ushahidi kwamba hakikuwepo, yaani hii sentensi ningeweza kuibandika ukutani.

Alafu kuna kuachwa kwa makusudi. Mwaka 1988 mkuu wa uchoraji ramani wa Umoja wa Kisovieti alikiri hadharani kwamba ramani zao za kiraia zilikuwa zinapotoshwa makusudi kwa miaka mingi, barabara na mito vinasogezwa. Sio wao tu, maeneo ya kijeshi yamefichwa kwenye ramani za nchi nyingi, ukikuta peupe pa kutilia shaka karibu na uwanja wa ndege jiulize.

Hatua ya 4: Ipekue kwa macho tu kwanza

Usikimbilie programu. Kaa na ramani nusu saa na ufunguo wake (orodha ya maana za alama) pembeni, maana alama zinabadilika toleo kwa toleo. Mi naangalia hivi vitu.

Njia zinazoishia hewani. Njia haiishii porini bila sababu, mwisho wake palikuwa na kitu, machimbo, kambi, kisima, kivuko. Ile njia yangu ya mtoni, kwenye toleo la zamani nikaona inaendelea ng'ambo, ila sio mkabala, imeshuka chini kama mita 200 hivi. Hapo nikajua hilo sio daraja lililovunjika, daraja lingenyooka. Mtumbwi au watu wa kuvuka kwa miguu wanafuata maji yanavyotaka.

Mistari inayopinda taratibu mno. Treni haipandi mlima kama gari, kwahiyo reli inazunguka ikifuata kontua kwa mikunjo mipana na laini, na pale ilipolazimika kupita katikati ya kilima utaona alama ya mkato, kwenye bonde utaona tuta. Reli iking'olewa mkunjo unabaki, kama njia ya baiskeli au mpaka wa mashamba. Uingereza imejaa hizi kwa sababu ya reli nyingi zilizofungwa baada ya ripoti ya Beeching ya 1963, iliyopendekeza kufunga njia nyingi za reli.

Mipaka inayonyongorota bila sababu. Mara nyingi mpaka uliwekwa kufuata mto, alafu mto ukahama na mpaka ukabaki pale pale. Mfano mkubwa ni Kaskaskia, mji uliokuwa makao makuu ya kwanza ya jimbo la Illinois. Mwaka 1881 mto Mississippi ulibadili njia ukapita upande wa pili, kwahiyo leo Kaskaskia ni ya Illinois lakini iko magharibi ya mto, upande wa Missouri, na ukifuata mstari wa mpaka kwenye ramani unaona kabisa mto ulikuwa unapita wapi.

Majina. Haya yanataka uangalifu, mpima mgeni aliandika alichosikia, na alichosikia sio lazima kiwe kilichosemwa. Lisome jina kwa sauti mara kadhaa, lijaribu kwa tahajia ya lugha ya wenyeji. Jina lenye maana ya kivuko, kinu, soko au mnara mahali ambapo leo hamna kivuko wala kinu ni dokezo la bure kabisa.

Na kontua chini ya maji. Bwawa likijengwa bonde linazama, lakini ramani ya kabla ya bwawa bado ina bonde lote, nyumba zake na njia zake. Mji wa St. Thomas kule Nevada ulifunikwa na maji ya Ziwa Mead mwaka 1938 baada ya bwawa la Hoover, alafu ziwa lilipopungua magofu yakaanza kutokeza tena. Mwenye ramani ya zamani alikuwa anajua mitaa iko wapi kabla tope halijakauka.

Hatua ya 5: Ipachike ramani kwenye koordineti zake

Kama umedaunlodi GeoTIFF au GeoPDF (mafaili ya ramani yenye koordineti ndani yake tayari) hii hatua imeshafanywa, ruka. Kama ni skani tupu, tumia QGIS, programu ya ramani, ni ya bure. Fungua kifaa chake cha Georeferencer, ingiza picha yako, alafu unabofya pointi kwenye ramani na kuandika koordineti yake, yaani namba zinazoonyesha mahali pake duniani. Pointi bora ni zile pembe nne za ramani na makutano ya gridi (ile mistari ya miraba iliyochorwa juu ya ramani), kwa sababu namba zake zimeandikwa pale pale. Usitumie kingo za mto wala kona za msitu, hivyo vinahama. Kama huna gridi tumia makutano ya barabara za zamani, makanisa, misikiti, vituo vya reli, vitu ambavyo una uhakika havijasogea. Weka pointi nane hadi kumi zilizotawanyika, sio zote kona moja.

Kwa ramani iliyopimwa vizuri chagua polinomia ya daraja la 1 (njia ya kuizungusha na kuinyoosha ramani nzima kwa pamoja), inatosha. Hiyo nyingine ya kuvuta ramani kama mpira, thin plate spline, inashawishi kwa sababu kila pointi inakaa sawia kabisa na makosa yanaonekana sifuri, lakini makosa hayajaisha, yamefichwa katikati ya pointi. Iache kwa ajili ya karatasi zilizokunjamana.

Sasa datamu, na hapa sikiliza maana mi nilitembea porini kwa sababu yake. Ramani za zamani hazikutumia WGS84, datamu ambayo jipiesi yako inatumia. Ramani nyingi za Kenya na Tanzania ziko kwenye Arc 1960, za Marekani za zamani ziko kwenye NAD27. Koordineti ile ile kwenye Arc 1960 na kwenye WGS84 zinapishana kama mita 300 ardhini. Mi niliandika namba za gridi nikaiambia programu ni WGS84, kila kitu kikakaa vizuri kwenye skrini nikafurahi, nikaenda kutafuta kisima cha zamani na nikazunguka kwenye miiba masaa mawili nikiilaumu ramani. Kisima kilikuwepo. Kilikuwa mita 300 kusini yangu, ramani ilikuwa sahihi na mimi ndo nilikuwa mjinga. Kwahiyo chagua datamu iliyoandikwa pembezoni, programu itabadilisha yenyewe.

Hatua ya 6: Linganisha

Weka ramani ya zamani juu ya picha ya satelaiti, punguza uzito wake (opacity, ili ya chini ionekane kupitia ya juu) mpaka asilimia 50 hivi, alafu iwashe na kuizima, iwashe na kuizima. Jicho linakamata mabadiliko haraka kuliko ukikodolea macho zote mbili pamoja. Chora leya (tabaka) tatu za rangi tofauti: vilivyobaki, vilivyopotea, vilivyohama. Hii ya tatu watu wanaisahau. Soko au shule ikihama kilomita mbili kuna kisa, mara nyingi barabara mpya au mafuriko. Kama huna laptopu ya maana, Google Earth Pro nayo ni ya bure na inakubali kuweka picha juu ya ardhi, sio sahihi sana ila inaonyesha.

Hatua ya 7: Nenda, na uulize bila kuonyesha ramani

Hamisha pointi zako kwenye simu kama GPX au KML, mafaili ya pointi ambayo programu za ramani za simu zinayasoma. Omba ruhusa kwa mwenye ardhi, na angalia unapokanyaga, mashimo ya migodi na visima vya zamani havina uzio.

Ukikutana na mzee wa pale usimtolee ramani mbele yake ukamuuliza "hapa palikuwa na kivuko eti?" Atakubali tu kukuridhisha. Muulize zamani watu walikuwa wanavukaje. Mimi niliuliza hivyo, mzee akaanza na habari za mtu aliyekuwa anavusha watu kwa mtumbwi, na alisimama ng'ambo kwenye mti fulani, ukimpigia kelele anakuja. Hapo ndo nikatoa ramani. Akaishika juu chini, akaigeuza, akacheka, akasema hawa walikosea, njia ilikuwa inapita juu ya kile kichuguu sio chini yake. Tukaenda tukakuta mawe mawili yaliyopangwa kama ngazi pale pale aliposema, na kwenye ramani yangu hayapo.

Hatua ya 8: Andika kabla hujasahau

Kila pointi iwe na maelezo mafupi: imetoka ramani gani, au imetoka kwa mtu, au umeiona kwa macho yako, usivichanganye hivi vitatu. Jina la faili libebe namba ya shiti (karatasi ya ramani), toleo, na mwaka wa picha za ndege. Faili langu la kwanza kabisa nililiita "ramani ya zamani mpya 2", bado liko kwenye laptopu, zuri kweli kweli, na mpaka leo sijui ni la mwaka gani.