Hofu ya ndege: ya kuweka sawa kabla ya kikao cha hipnosisi

Wengi humkumbuka tabibu wa hipnosisi tiketi ikishakatwa na zimebaki siku nne. Hapo umechelewa. Jipe wiki sita hivi: vikao vitatu au vinne, kimoja kwa wiki, na siku za kufanya mazoezi nyumbani. Na mwenye wasiwasi wa kupandishwa mashetani aondoe shaka. Hipnosisi ni umakini uliozama, kama wa mtu aliyenogewa na hadithi hadi hasikii akiitwa. Sauti ya tabibu unaisikia mwanzo mpaka mwisho, na ukitaka kufumbua macho unafumbua.

Kabla ya kumpigia simu, chukua karatasi. "Naogopa ndege" ni kauli pana mno. Kuna anayeogopa kuanguka, anayeogopa mlango ukifungwa hawezi kutoka, anayeogopa bahari iliyo chini, na yule ambaye kinachomtisha ni kupatwa na kiwewe mbele za watu akaaibika. Andika safari hatua kwa hatua: kukata tiketi, kufika uwanjani, kukaguliwa, mlango kufungwa, ndege kukimbia kwenye njia ya kurukia, kupaa, mtikisiko, kutua. Kila hatua ipe alama, 0 hadi 10. Usishangae alama ya juu ikiangukia kwenye mlango, ndege ikiwa bado iko chini.

Karatasi hiyo itakuepusha na kosa ambalo hata matabibu wazoefu hulifanya. Maneno yao ya kumzamisha mteja mara nyingi ni ya kushuka: unashuka ngazi kumi, lifti inakwenda chini, unazama taratibu. Kwa mwenye hofu ya kuanguka, hayo ni mafuta ya taa kwenye moto. Mwili unakakamaa, macho yanafumbuka, na tabibu anaandika kwamba mteja hazami. Omba njia ya usawa, kama kutembea shambani asubuhi. Anayeogopa kufungiwa asipelekwe kwenye lifti wala pangoni. Kama kufumba macho kwenyewe kunakutia wasiwasi, kazi inafanyika vilevile macho yakiwa wazi, yametulia kwenye nukta moja ukutani.

Mtu wa kukuhudumia umchunguze. Uingereza, kwa mfano, sheria haimtaki mtu awe na mafunzo maalumu ndipo ajiite tabibu wa hipnosisi, kwa hiyo cheti kilichotundikwa ukutani si hoja. Uliza taaluma yake ya msingi: ni mwanasaikolojia, daktari, muuguzi? Uliza pia kama anachanganya hipnosisi na kukikabili kinachotisha kidogo kidogo, maana kwa hofu za namna hii ushahidi wenye nguvu zaidi uko kwenye kukabili, na hipnosisi ni msaidizi. Kikao kimoja kimewahi kufaa watu: utafiti wa daktari wa magonjwa ya akili David Spiegel na wenzake, uliotoka Marekani mwaka 1981, ulitumia kikao kimoja cha dakika 45. Lakini waliokuwa wepesi kuzama walikuwa na uwezekano wa kunufaika zaidi ya mara mbili na nusu kuliko wasiozama. Anayemwahidi kila mteja kupona siku moja anauza maneno.

Ukiwa umewahi kuugua ugonjwa wa akili wa kusikia sauti au kuona visivyokuwepo, anza kwa daktari wako, kwani hipnosisi inaweza kuuamsha. Kifafa nacho kitaje mapema. Vidonge vya kutuliza, kama diazepam, huacha kichwani fundisho baya kwamba kidonge ndicho kilichokuvusha. Isitoshe, Falme za Kiarabu huidhibiti na kuingia nayo kunahitaji kibali.

Kikao kikiwa cha mtandaoni, kubalianeni mapema: laini ikikatika au umeme ukienda, utavuta pumzi tatu, utafumbua macho, utampigia. Hakuna anayekwama humo.

Omba irekodiwe sauti ya dakika 15 hivi, kwa lugha unayoitumia ukiogopa. Humo sauti za ndege zipangwe kama zitakavyokuja. Ndege kubwa ya jeti hukimbia kama sekunde 30 hadi 40 kabla ya kuinuka. Ukivuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa 6, ni pumzi tatu au nne tu. Kisha mshindo chini ya miguu: magurudumu yanaingia. Muda mfupi baadaye injini hupunguza sauti na tumbo huhisi kushuka. Ndege bado inapanda, ila imepunguza nguvu iliyohitajika kuinukia. Ni hapa wengi huomba dua ya mwisho, kwa hiyo hapa ndipo rekodi ikuambie uelee pamoja na ndege, uichukulie kama baiskeli, chombo kinachorefusha miguu yako.

Sikiliza mara moja kwa siku, kamwe si ukiendesha gari. Ishara yako ya kuuita utulivu, tuseme kubana kidole gumba na cha shahada, izoeshwe ukiwa umetulia kwa wiki kadhaa. Ukiijaribu mara ya kwanza katikati ya kiwewe, itashikamana na kiwewe. Tena rekodi yenyewe ikae kichwani, kwa sababu wahudumu wanaweza kukutaka uvue spika za masikioni wakati wa kupaa.

Safari ya kwanza iwe fupi. Dar es Salaam hadi Unguja ni dakika 20 hivi angani. Chagua ya asubuhi, kabla jua halijachemsha ardhi na hewa kuanza kurusharusha ndege, na kiti cha usawa wa bawa, panapotikisika kidogo kuliko mkiani. Kahawa iache siku hiyo. Tiketi ya kurudi ikate papo hapo, ya ndege pia, maana kuna wanaofika Unguja wakishangilia kisha wakarudi kwa boti.