Epu ya duka isiyogoma netiweki ikikata

Kama wamtengenezea muuzaji wa soko la Kongowea, Mombasa, epu ya mauzo usiisubirishe seva, akibonyeza hifadhi data iingie kwanza IndexedDB, ghala ya data iliyo humo humo kwa brauza, halafu ndo itumwe mtandao ukirudi. localStorage, ghala nyengine ya brauza, achana nayo, yabeba kama MB 5 tu na ni maandishi matupu. Sevisi woka (skripti ya brauza ifanyayo kazi nyuma ya ukurasa) iweke kurasa kwa kashe, yaani nakala za kufunguka bila netiweki, ila itakugomea bila HTTPS (muunganisho salama) labda uwe localhost, yaani kompyuta yako mwenyewe.

Pale watu hukwama ni risiti: simu mbili ziko ofulaini, zote zaandika risiti 41, zikikutana kwa seva moja yaifuta nyenzake (yashanikuta wallahi), kwa hivyo badala ya namba za kufuatana tumia crypto.randomUUID(), yaipa kila risiti kitambulisho chake cha kipekee. Kujaribu, zima data ukiwa ferini Likoni, uza nazi tatu, funga brauza, fungua tena uone kama zipo.