Jinsi ya kuandika wasifu wa mwongozaji wa gemu wa Kijapani bila kumpa kazi zisizo zake

Mashabiki wengi wanamtaja Shinji Mikami, mwongozaji wa gemu wa Kijapani, kuwa ndiye mwenye Resident Evil, mfululizo wa gemu za kutisha, na hawajakosea sana. Ila katika mfululizo ule aliongoza gemu tatu tu: ya kwanza ya 1996, ile iliyotengenezwa upya mwaka 2002 kwa ajili ya mashine ya GameCube, na Resident Evil 4 ya 2005. Resident Evil 2 (1998) iliongozwa na Hideki Kamiya, Mikami akiwa mtayarishaji. Ya tatu (1999) ni ya Kazuhiro Aoyama. Ukiandika wasifu kwa kuorodhesha kila gemu maarufu inayohusishwa na jina la mtu, utajikuta umeandika habari za watu watano ukadhani ni mmoja.

Kwa hiyo anza na jedwali, maandishi yaje baadaye. Fungua safu nane: mwaka gemu ilipotoka mara ya kwanza, jina lake la Japani, jina lake la nje, mashine, kampuni iliyotengeneza, kampuni iliyochapisha, cheo cha mtu neno kwa neno, na mahali ulipokiona cheo hicho. Jina la Japani usiliruke. Resident Evil kwao ni Biohazard, Mega Man ni Rockman, na asiyejua hilo huhesabu gemu moja mara mbili.

Cheo kitafute kwenye majina yanayopita gemu inapoisha. Video za watu waliocheza gemu mpaka mwisho zipo tele mtandaoni. Nenda dakika za mwisho, punguza kasi, simamisha kila kundi la majina na upige picha ya skrini. Hakikisha ni toleo la asili. Resident Evil 4 ya 2023 iliongozwa na Yasuhiro Ampo na Kazunori Kadoi, na ukichukua majina ya huko ukayabandika kwenye mstari wa 2005 umeharibu kila kitu kinachofuata. Maandishi ya kwenye boksi na matangazo usiyategemee. Shadows of the Damned (2011) ilinadiwa kwa majina ya Mikami na Goichi Suda, lakini mwongozaji alikuwa Massimo Guarini.

Sasa vyeo vyenyewe, maana hapa ndipo wengi huteleza. Mwongozaji, kwa Kijapani ディレクター, ndiye anayeamua kila siku gemu ichezwe vipi: kamera ikae wapi, adui apige kwa nguvu gani, nini kibaki na nini kitupwe. Mtayarishaji, プロデューサー, anashika fedha, ratiba na watu, na ndiye anayetetea mradi mbele ya wakubwa wa kampuni. Mpangaji, プランナー, anabuni hatua, mafumbo na kanuni za mchezo. Hiki cha mwisho ndicho mlango ambao waongozaji wengi waliingilia. Mikami aliingia Capcom, kampuni ya Resident Evil, mwaka 1990 kama mpangaji, na kabla ya kutisha watu alikuwa akifanya gemu za wahusika wa Disney, Aladdin na Goof Troop, zote za 1993. Usizifute eti hazifanani naye. Goof Troop ina mafumbo ya kusukuma vitu na mizigo michache ya kubeba, na anayeijua Resident Evil ataona njia ilikotokea.

Kisha kuna cheo cha msimamizi, ambacho ndicho kinachopotosha kuliko vyote. Hidetaka Miyazaki wa FromSoftware aliongoza Demon's Souls (2009), Dark Souls (2011) na Bloodborne (2015). Dark Souls II ya 2014 iliongozwa na Tomohiro Shibuya na Yui Tanimura. Miyazaki alikuwa msimamizi, na mwaka huohuo akawa rais wa kampuni. Kamiya naye aliongoza Bayonetta ya kwanza (2009), lakini ya pili (2014) ni ya Yusuke Hashimoto. Ukiona neno la usimamizi, liandike hivyohivyo. Usilipandishe cheo.

Hata orodha rasmi haisemi yote. Devil May Cry 2 (2003) inamtaja Hideaki Itsuno kuwa mwongozaji, wakati yeye aliitwa kazi ikiwa karibu kuisha ili aiokoe, aliyeanza hakutajwa. Katika hali kama hii weka cheo kilichoandikwa, kisha ongeza sentensi moja ya maelezo. Kumlaumu Itsuno kwa udhaifu wa gemu ile bila kutaja jambo hilo ni uonevu, hasa kwa mtu aliyerudi na Devil May Cry 3 (2005) akaurudishia mfululizo heshima.

Gemu za miaka ya 1980 zina tatizo la majina bandia. Kampuni ziliogopa washindani wasije wakawanyakua wafanyakazi wao, hivyo watu wakaandikwa kwa vifupi na utani. Kwenye Mega Man ya 1987 utaona "A.K", ambaye ni Akira Kitamura, mwongozaji, na "Inafking", ambaye ni Keiji Inafune, mchoraji. Jina bandia liweke kwenye safu ya cheo, jina halisi likae pembeni.

Majina ya kanji, yaani herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, usiyaachie programu ya kutafsiri ya simu. Herufi moja ina matamshi kadhaa: 裕 inaweza kusomwa Yu, Hiroshi au Yutaka, na programu haijui kwamba 鈴木裕 aliyeongoza Shenmue (1999) ni Yu Suzuki. Nakili kanji, kisha linganisha na toleo la gemu lililoandika majina kwa herufi za Kilatini. Na chagua mpangilio mmoja. Wajapani hutanguliza jina la ukoo, gemu zinazouzwa nje kwa kawaida hugeuza. Ukichanganya, msomaji atadhani Kamiya Hideki na Hideki Kamiya ni watu wawili.

Kuhusu miaka, kanuni ni tarehe ya kwanza popote duniani. Demon's Souls ilitoka Japani Februari 2009 lakini Ulaya ikafika 2010, ndiyo maana utakuta makala zinazopishana. Wala usidhani Japani hutangulia siku zote: Resident Evil 4 ilianza kuuzwa Amerika Kaskazini Januari 2005, Japani ikafuata wiki mbili hivi baadaye.

Pengo la miaka mitatu au minne kwenye jedwali lichunguze. Mara nyingi chini yake kuna gemu iliyotupwa. Toleo la awali la Resident Evil 2 lilikuwa limefika mbali lilipofutwa na kuanzwa upya. Jaribio la kwanza la Resident Evil 4, chini ya Kamiya, lilikwenda mbali na asili yake hadi likageuzwa kuwa Devil May Cry (2001). Miradi hii iwekee mistari yake, na kwenye safu ya mwaka andika "haikutoka" au "iligeuzwa".

Kampuni ni rahisi ukizitenganisha. Okami (2006) ilitengenezwa na Clover Studio, tawi la Capcom lililofungwa 2007. Vanquish (2010), aliyoongoza Mikami, ni kazi ya PlatinumGames iliyochapishwa na Sega. Mwaka huohuo Mikami alianzisha Tango Gameworks, akaongoza The Evil Within (2014), akaondoka 2023. Hi-Fi Rush ya studio hiyohiyo ni ya John Johanas.

Jedwali likijaa, geuza kila mstari kuwa sentensi yenye kitenzi cha cheo: aliongoza, alitayarisha, alipanga, alisimamia. Kitenzi "alitengeneza" kiache kwa kampuni. Kazi zilizotangazwa tu, kama mwendelezo wa Okami uliotangazwa Desemba 2024 Kamiya akiwa mwongozaji, ziwe mwisho kabisa, safu ya mwaka ikiwa tupu mpaka gemu iingie sokoni.