Mbwa Anapofukuza Mkia Wake: Mkague Kwanza

Mbwa wengi ninaoletewa kwa tatizo hili hapa Mombasa ni wa ulinzi. Mchana kutwa wamefungiwa bandani, usiku ndio wanafunguliwa. Mwenyewe huniambia, "Daktari, huyu amerukwa na akili." Mara nyingi akili yake ni nzima. Kinachomsumbua kiko chini ya mkia, au ni lile banda.

Kitoto cha mbwa kikijizungusha mara mbili tatu kisha kikaenda zake, kiache kicheze. Fuata hatua hizi kwa mbwa anayezunguka kila siku, asiyesikia akiitwa, au ambaye mkia wake umeanza kunyonyoka.

Hatua ya 1: Mrekodi kwa simu siku 3. Andika saa, kilichotangulia, na walichofanya watu waliokuwepo.

Hatua ya 2: Mkague nyuma. Hapa usiwe na haraka. Joto na unyevu wa Pwani huwafaa viroboto mwaka mzima. Chana shina la mkia kwa chanuo la meno membamba, ukung'ute uchafu juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Vidoa vyeusi vikichuja wekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, damu tupu. Ukiona vipande kama punje za mchele penye njia ya haja, ni tegu, na mbwa humpata kwa kumeza kiroboto. Ukitibu mmoja ukamwacha mwingine, mwezi ujao utakuwa pale pale. Akiburuza makalio sakafuni na kutoa harufu kama ya samaki aliyeoza, huenda tezi za kando ya mkundu zimejaa. Daktari wa mifugo atazikamua.

Nakuomba sana, usimpake oili chafu ya gari wala dawa ya josho la ng'ombe. Atajilamba, na sumu itaingia. Nunua dawa ya mbwa inayolingana na uzito wake, kisha fua matandiko na ufagie nyufa za banda, maana mayai na mabuu ya viroboto yako huko.

Hatua ya 3: Mbadilishie mchana wake. Mtoe alfajiri kabla mchanga haujawaka. Maji yakipwa, ufuo wa Nyali au Bamburi una nafasi tele, ila mbebee maji ya kunywa asije akanywa ya bahari. Ugali na dagaa usimmwagie wote bakulini. Fanya vitonge, ufiche uani, avitafute kwa pua. Kunusanusa humchosha na kumtuliza.

Hatua ya 4: Asichekwe, asikemewe. Nyumba moja Nyali watoto walikuwa wakimpigia makofi, naye akawa anazunguka kila akiwaona wakirudi shule. Mwite kabla hajakolea, mwambie akae, akitii mpe kitonge. Kipigo humzidishia wasiwasi, na wasiwasi ndio humzungusha.

Hatua ya 5: Akiendelea, au akijitafuna hadi damu, mwone daktari wa mifugo. German Shepherd na Bull Terrier hupatwa zaidi, na utafiti wa Finland wa 2012 uliihusisha tabia hii na kutenganishwa mapema na mama. Zipo dawa za kutuliza akili, huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na hazikatizwi ghafla.

Lakini mbwa asiyechanjwa akibadilika ghafla, akatokwa na ute mwingi na kuuma ovyo, usimkague hata kidogo. Huenda ni kichaa cha mbwa. Funga geti, weka watoto ndani, umpigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.