Namna ya kuijua shule ya kijijini kwenu bila kusubiri matokeo ya darasa la saba

Mzazi akiniuliza kama shule ya kijijini kwao inafundisha, huwa namwambia alete daftari la mtoto wa darasa la pili. Nimefundisha madarasa ya chini huku Ziwa Victoria, upande wa Sengerema, mpaka nikastaafu. Sasa niko Kayenze, na wazazi bado wananijia na madaftari mkononi.

Fungua daftari la Kiswahili katikati, popote. Usihesabu alama za vema, tafuta makosa. Ukikuta vema ukurasa mzima na mtoto ameandika "mtubwi" badala ya "mtumbwi", kalamu imepita lakini kazi haikusomwa. Mwalimu anayesoma huizungushia silabi iliyokosewa, huiandika sahihi pembeni, na mtoto huirudia chini yake. Mistari hiyo ya kurudia ndiyo ninayoitafuta mimi. Tazama na tarehe, uone kazi zimeachana kwa siku ngapi. Ila kabla hujamlaumu mtu, uliza darasani wako wangapi. Kiwango kinachokusudiwa ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Mwenye 100 hawezi kusahihisha kama mwenye 45.

Kisha msomeshe mwenyewe. Weka kando kitabu cha shule, maana watoto wengi wamekikariri ukurasa kwa ukurasa. Chukua karatasi, andika kwa herufi kubwa kidogo: "Mtumbwi wa mjomba umepasuka ubavuni." Mpe nafasi asome taratibu, usimdakie. Akikwama penye "mbwi", silabi mwambatano, yaani zenye konsonanti zilizofuatana, hazijamkaa, na hilo unaweza kumsaidia hapo hapo nyumbani: mba, mbe, mbi, halafu mbwa, mbwe, mbwi, hata kwa kijiti mchangani, kidogo kidogo kila jioni. Akiimaliza sentensi yote, muulize: umepasuka wapi? Asipojibu, ametamka tu, hajasoma. Watoto wetu wengi huingia darasa la kwanza wakiwa na Kisukuma au Kikerewe tu, kwa hiyo swali hilo naliona kubwa kuliko usomaji wenyewe. Mweleze ubavu wa mtumbwi kwa lugha ya nyumbani, mwoneshe kwa mkono, kisha akwambie kwa Kiswahili. Wala usiogope kwamba Kisukuma kitamharibia masomo.

Sasa mahudhurio, na hapa sisi wa mwaloni, penye kushushia samaki, tuambiane ukweli. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika. Kupitia kamati ya shule, mwombeni mwalimu mkuu mpitie rejista pamoja, mlinganishe wiki za giza na wiki za mbalamwezi. Kama madawati yanabaki wazi wakati wa giza, watoto wako kwenye kuanika dagaa, na hata mwalimu hodari hawezi kumfundisha mtoto asiyekuwepo. Kosa hilo ni letu wazazi. Kaeni na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, na kina mama wenye vichanja vya kuanikia dagaa, mkubaliane kwamba mtoto wa shule haonekani mwaloni kabla ya kengele ya kutoka, na atakayemtuma aulizwe na wenzake.

Kuhusu fedha, jua hesabu kabla ya kunung'unika. Katika mpango wa elimu bila malipo ulioanza 2016, ruzuku iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 6,000 kati ya hizo ndizo za kupelekwa shuleni. Kwa hesabu hiyo, shule ya watoto 300 inapata 1,800,000 kwa mwaka, yaani 150,000 kwa mwezi, na humo humo kuna chaki, karatasi za mitihani na bati linalovuja. Uji haumo. Debe lako la mahindi linatakiwa.

Matokeo ya darasa la saba yatazame pia, kwa sababu Baraza la Mitihani huyaweka mtandaoni shule kwa shule. Lakini shule yenye watahiniwa 25 hupanda au kushuka kwa watoto watatu wanne tu, hivyo angalia miaka kadhaa. Halafu uliza lile ambalo hayasemi: kundi hili lilipoandikishwa darasa la kwanza walikuwa wangapi, na waliofika kwenye mtihani ni wangapi? Shule inaweza kufaulisha wote waliobaki, huku wenzao wameshapotelea visiwani kwenye uvuvi. Hao nao ni watoto wa shule hiyo, na mimi nawahesabu.

Ukishajua hayo, nenda kwa mwalimu baada ya vipindi, na daftari mkononi. Mwambie kwanza utakachofanya wewe nyumbani, ndipo umuulize darasa limefikia silabi zipi. Yanayowahusu wengi yapeleke kwenye kikao cha wazazi, na muhtasari utaje nani atafanya nini na lini. Kikao kinachofuata, usomwe kabla ya ajenda nyingine yoyote.